Uhafidhina Wetu na Kufuli la Mama Mdogo

Nakwa, Babati
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitoa shikamoo hii nikiwa nimeinama hata kama hunioni, maana najua kabla ya kuipokea utaikagua kama imetoka moyoni. Goti la kushoto linaendeleaje? Mama amepona kile kikohozi? Na kahawa, imeiva yote kwa pamoja au bado inakuchezea kama mwaka uliopita? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafundisha. Baridi ya huku asubuhi inaweza kumtoa mtu machozi, lakini mchana jua linarudi na tunasameheana.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako ina masikio mengi, Baba. Kila nikipiga, anapokea Kaka Projestusi, anaweka sauti kubwa, anaiweka mezani, na kabla sijamaliza kuuliza hali nasikia watu watano wanacheka. Barua hii nimemkabidhi kondakta wa basi la Bukoba. Nimeifunga kwa gundi na kupiga sahihi yangu juu ya mkunjo wa bahasha. Kabla ya kuisoma, itazame hiyo sahihi. Ukiikuta imechanika, jua kwamba mwingine ameisoma kabla yako, na uisome ukijua hivyo.

Usikasirike. Kushuku nimerithi kwako. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu akikusifia kibanja chako, mshukuru, mpe kahawa ya kutafuna, halafu akishaondoka nenda ukahesabu migomba.

Ndiyo maana uliponipigia mwezi uliopita kwa ile sauti tamu, "Deo mwanangu, Pasaka uje, ukoo una kitu chako," nilishukuru, nikakata simu, nikaanza kuhesabu migomba. Katika miaka yangu thelathini na minne hujawahi kuniita kwa sauti ile. Nikamtumia Adela ujumbe. Unamjua dada yangu, hajui kuficha. Akaniambia nyumba ya marehemu Baba mdogo Severini imefungwa kufuli jipya. Mama mdogo Koletha, mjane wake, amehamishiwa kwenye chumba cha nyuma ya jiko la mama yetu, eti kwa muda. Na kwenye kikao cha ukoo baada ya Pasaka, kibanja chote, nyumba na shamba, kitakabidhiwa kwa mwenyewe. Nilipomuuliza mwenyewe ni nani, alijibu kesho yake: "Ni wewe."

Nitalirudia hilo kufuli. Kwanza nikusimulie yaliyonipata huku, maana bila hayo utadhani nimelishwa maneno na Adela.

Ninapanga chumba hapa Nakwa kwa Baba Yasinta. Ni mkulima wa mahindi na maharage, Mkatoliki wa kusali kweli kweli, mtu wa maneno machache na macho mengi. Nilipohamia na lile kopo la senene mlilonifungia, mkewe alilifungua kwa heshima, akalifunga kwa heshima zaidi, na wiki nzima watoto hawakukanyaga mlangoni kwangu. Mwezi wa kwanza Baba Yasinta aliniuliza mara tatu nimetoka wapi, kila mara kwa namna nyingine, akilinganisha majibu. Nilimpenda hapo hapo. Nilijiona niko nyumbani.

Shuleni nimekabidhiwa klabu ya midahalo. Mashindano ya shule za mjini hapa mwaka huu mada yake ilikuwa kwamba uhafidhina unailinda jamii kuliko unavyoirudisha nyuma, na sisi tulipangiwa kutetea. Wanafunzi wangu walinung'unika. Kwao mhafidhina ni tusi; ni mzee anayemkatalia binti shule, au kiongozi asiyetaka kutoka kwenye kiti. Ikabidi nisome kwanza mimi, kisha niwaeleze kwa mifano, na mifano niliyokuwa nayo ni ya kwetu. Kwa hiyo ujue kwamba umefundishwa Babati bila kuombwa idhini.

Niliwaambia mhafidhina hasemi kila cha zamani ni kizuri. Anachosema ni kwamba akili ya mtu mmoja ni fupi, na jambo lililodumu vizazi vingi limepita mikononi mwa watu wengi waliokosea na kurekebisha kabla yetu. Kwa hiyo anayetaka kuling'oa ndiye atoe sababu, si anayelitunza. Anaamini binadamu ni dhaifu na hanyooki kwa sababu tu mtu amechora mpango mzuri kwenye karatasi, na ndiyo maana anamshuku kila mwenye madaraka makubwa na kila mwenye ahadi kubwa. Hakatai mabadiliko. Anataka yaje kama mtu anayeezeka upya nyumba ambayo watoto wamelala ndani, bati moja moja. Tena anaona kwamba familia, kanisa na majirani ndio wanaomkinga mtu mdogo asibaki peke yake mbele ya serikali. Nilipofika hapo kwenye kumshuku kila mtu nilikukumbuka, nikacheka mbele ya darasa.

Halafu nikawaambia kwamba wahafidhina hawafanani. Wapo wa desturi, kama wewe, unayesema kibanja si cha walio hai peke yao. Ni cha waliolala chini ya migomba na cha wale ambao hawajazaliwa, na sisi tumewekwa katikati kama walinzi. Wapo wa dini, kama katekista wetu, ambaye kwake utaratibu ulitoka kwa Mungu na binadamu akiuchezea anajiumiza mwenyewe. Mjomba wa kahawa, yule mfanyabiashara wetu, nilimweka kwenye kundi la soko. Yeye hana ugomvi na mila yoyote ilimradi serikali isimwambie amuuzie nani, na wahafidhina wenzake wanamtazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu soko nalo limevunja mila nyingi. Mwisho nikawaeleza wale wanaoamini kwamba vyeo na tofauti za watu hazitaisha duniani, ila aliye juu amewekwa pale amtunze aliye chini, na akiacha kumtunza, cheo chake ni kofia tu.

Yasinta, binti wa mwenye nyumba wangu, yuko kidato cha tatu na ndiye msemaji wetu mkuu. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama walinzi wenyewe ndio wezi?"

Nikamwambia hilo ni swali la wapinzani, alifiche. Leo najilaumu.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuja baada ya hapo. Niliwapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja awaulize wazazi wake jambo moja linalotunzwa kwao ambalo sababu yake haijulikani, aandike liko wapi na limetunzwa tangu lini. Mtu wa Muleba kama mimi nilipaswa kujua. Fikiria, Baba, kijana mgeni aje kwetu, aanze kuuliza kupitia watoto kila boma linatunza nini na mahali gani! Ungemfungulia mbwa.

Madaftari yalirudi nusu. Mama wa maziwa akaniambia maziwa yameisha, na ndoo yake nilikuwa naiona imejaa. Mezani kwa fundi viatu maongezi yalikatika nilipopita, yakaendelea nilipokwisha kupita. Kumbe nilikuwa nimeshakuwa watu watatu kwa mpigo. Wengine walisema natafuta viwanja, na hawa walikuwa na hoja, kwa sababu miaka ya nyuma walishakuja vijana wapole wenye madaftari, wakauliza mipaka, wakaaga kwa adabu, na nyuma yao yakaja mawe ya mipaka ambayo hakuna aliyeyaomba. Wengine walisema mimi ni mtu wa chama, naandikisha wahafidhina kabla ya uchaguzi. Na kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na hakika kwamba naleta dini mpya, kwa sababu ameona kopo la wadudu.

Aliyeandika vizuri kuliko wote ni Yasinta, na ndiye aliyenichongea bila kujua. Aliandika kwamba mwisho wa shamba la baba yake, nyuma ya ua wa minyaa, kuna kipande kisicholimwa tangu enzi za babu. Hakichungiwi, hakikatwi majani, na baba akiulizwa anajibu "hakilimwi", basi. Baba Yasinta alilikuta daftari mezani. Alilisoma, akavaa koti, akaenda nalo moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Niliitwa ofisi ya mtaa Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti ni mama mtulivu mwenye miwani. "Karibu Mwalimu," akasema. "Wazazi wana wasiwasi kidogo." Wazazi hao walijaa mpaka madirishani.

Baba Yasinta akasimama, daftari mkononi. "Mwalimu, mimi nimekupa chumba. Nimekuuliza kwenu, umenijibu. Sasa unamuuliza mtoto wangu ardhi isiyolimwa iko wapi. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Swali hilo lilikuwa la haki, Baba. Nikaanza kueleza mdahalo. Nikaeleza uhafidhina wote tangu mwanzo, desturi, dini, soko na vyeo, jasho likinitoka, nao wakanisikiliza kama watu wanaonunua ng'ombe.

"Kwa hiyo hao watu wako," akasema Baba Yasinta, "wanasema cha zamani kiachwe mpaka kazi yake ijulikane?"

"Ndiyo."

"Na mtu akija na jambo jipya tusimkimbilie?"

"Ndiyo. Achunguzwe kwanza."

"Basi tunakuchunguza."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nyuma, kwenye benchi la ukutani, alikaa mama yake, Bibi Magdalena. Ni mwanamke mkavu, mfupi, Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya Kigorowa na hatumii maneno mengi machache yakitosha. Alinyoosha kidole kwangu. "Mwalimu. Umeuliza watoto wetu. Kwenu kuna nini?"

Nikashukuru moyoni kwa kupata njia nyepesi. Nikawasimulia senene, jinsi zamani kwetu wanawake walivyokuwa wakiwakamata, wakiwanyonyoa mabawa na kuwakaanga, na wanaume ndio waliokuwa wakila.

"Wanawake wanakamata, wanaume wanakula?" akauliza mama wa maziwa.

"Zamani, ndiyo."

"Na sababu haijulikani?"

"Haijulikani."

"Sababu tunaijua sisi," akasema, na ofisi nzima ikaangua kicheko, hata mwenyekiti akavua miwani.

Bibi Magdalena alisubiri kicheko kiishe. "Hicho ni cha kuchekesha. Toa kile hutaki kutoa."

Baba, sikupanga kusema. Nakuapia kwa makaburi ya pale migombani kwamba niliingia ofisi ile nikiwa sina nia ya kulitaja jina lako wala mlango wa nyumba yoyote. Lakini nilikuwa na ujumbe wa Adela kwenye simu mfukoni kwa wiki mbili, na yule bibi alinitazama kama aliyeusoma. Nikasema kwamba kwetu mwanaume akifa bila mtoto wa kiume, kibanja chake kinarudi kwa ukoo, na mkewe anarudi kwa ndugu zake au anakaa atakapoambiwa akae.

"Sababu?"

"Ili ardhi isitoke kwenye ukoo."

"Hiyo inajulikana. Yuko mjane mmoja sasa hivi?"

"Yuko."

"Amekaa miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Nani alilima?"

"Yeye."

"Makaburi ya wazee wenu nani anafagia?"

Nilimuona Mama mdogo Koletha na ule ufagio wake mfupi, amefunga kitenge kiunoni, anafagia kaburi la babu asubuhi ya Watakatifu wote wakati sisi wanaume tunakunywa rubisi. Nikasema, "Yeye."

"Na shamba linaenda kwa nani?"

Nilitafuta mahali pa kutazama, pote palikuwa na watu. Nikasema, "Kwangu."

Hakuna aliyecheka. Sikuwahi kuona aibu kama ile maishani, hata siku uliponichapa mbele ya wageni. Nilitegemea wanifukuze. Badala yake Baba Yasinta akalikunja lile daftari, akakaa, na akasema taratibu, "Haya. Sasa tumekujua." Kikao kikaishia hapo. Nje aliniambia jambo ambalo nimelitafakari mpaka leo. Mtu asiye na chochote cha kushukiwa ndiye anayemtisha. Kesho yake mama wa maziwa alinijazia kikombe mpaka kikamwagika.

Mchana ule ule Bibi Magdalena aliniita nimsaidie kuchambua maharage. Tulikaa mkekani tukachambua. Halafu, bila kuulizwa, akasema kile kipande ni cha mgeni. Mwaka mmoja wa njaa, yeye akiwa bibi harusi, alikuja mtu na mkewe kutoka mbali, na baba mkwe wake akawapa mahali pale wajenge. Walikaa mavuno mawili. Wakaondoka kutafuta ndugu zao, wakaahidi kurudi. Baba mkwe akasema, hakilimwi.

"Bibi, mbona hukuwaambia wanao? Wao hawajui sababu."

"Nikisema sababu, watabishana na sababu. Watasema mgeni amekufa, miaka imepita, harudi. Nikisema hakilimwi tu, watabishana na nini?" Akatupa maharage mabovu pembeni. "Sasa umenifanya niseme. Kwa hiyo utalinda na wewe."

Nimesoma vitabu kadhaa kwa ajili ya mdahalo ule, Baba, na sikukuta ndani yake mtu aliyelijua jambo hilo vizuri kama yeye.

Nikalinda kweli. Yasinta alikuwa karibu tulipozungumza, na nilijua habari ingemfikia baba yake kabla ya chakula. Wiki ile kila asubuhi nikinawa uso nilimtazama Baba Yasinta. Alikuwa anasimama kwenye ua wa minyaa na jembe begani, anatazama upande wa pili, kisha anaondoka. Nikajisemea, tayari, sababu imeshajulikana, sasa anabishana nayo. Siku ya nne hakuondoka; akashusha jembe pale pale kando ya ua na kuanza kupiga. Niliacha maji yakimwagika, nikaenda mbio na povu la sabuni shingoni.

"Baba Yasinta, unalima?"

"Nang'oa."

Alikuwa anang'oa mahindi yake mwenyewe, mistari miwili, yamefika magotini na yamestawi. Nilimuuliza kwa nini, ilhali yako upande wake wa ua. Akanionyesha kwa ncha ya jembe visiki vya minyaa ya zamani, hatua mbili nzima ndani ya shamba lake. "Mnyaa ukifa tunapanda mwingine," akasema. "Kila tukipanda tunasogeza kidogo. Mstari mmoja alisogeza baba. Mmoja mimi." Hakunitazama usoni. Akaendelea kung'oa, na mimi nikainama nikamsaidia kupanda ua mpya pale ulipokuwa mwanzo. Utomvu wa mnyaa ukaniingia jichoni, nikafundisha siku mbili kwa jicho moja.

Sasa turudi kwenye kufuli.

Wewe ndiye uliyenisimulia, tukipalilia kahawa, kwamba enzi za babu mjane wa ukoo hakuwa mtu wa kufukuzwa. Shemeji mkubwa alimwezekea nyumba, alimlimia akiugua, na akitaka kuondoka aliondoka kwa hiari yake, amesindikizwa. Kwa hiyo mila ile ilikuwa na mikono miwili. Kwa mkono mmoja ukoo ulichukua ardhi, kwa mkono wa pili ulimchukua mtu. Sisi tumeukata mkono wa pili polepole, kila msiba kidogo, mpaka tukasahau kwamba ulikuwepo, na huo mmoja uliobaki ndio tunauita mila ya wazee. Huo si uhafidhina, Baba. Huko ni kusogeza minyaa. Watu wa Nakwa wamemwekea nafasi mgeni ambaye hata jina lake hawalijui, na sisi tunamfungia mlango mwanamke aliyewazika wazazi wako.

Tena sijaacha kushuku. Kaka Projestusi anajua kwamba kazi yangu iko huku na sitarudi karibuni. Kibanja kikiwa changu na mimi niko Babati, nani atakitazama? Kahawa yake atavuna nani? Nani alinunua lile kufuli? Sisemi kitu. Nahesabu migomba tu. Na wewe pia nakushuku, kwa heshima zote, kwa sababu ungekuwa na amani na jambo hili ungenieleza kwa sauti yako ya kila siku.

Adela alitaka twende baraza la ardhi. Nimemwambia asubiri barua hii ifike, kwa sababu sitaki nyumba yetu ijengwe upya na wageni kama wenyewe bado tuna mikono.

Kwa hiyo nakubali urithi. Umesoma sawasawa, nakubali. Lakini mrithi ana neno lake, na la kwanza nalitoa leo, kabla ya kikao, lisipate muda wa kubadilishwa. Mama mdogo Koletha arudi kwenye nyumba yake, alime na avune kama alivyokuwa akifanya, mpaka siku atakapolala kando ya mumewe chini ya migomba ile ile. Binti zake wakija kumwona wachume ndizi bila kuomba. Kibanja hakiuzwi, hakigawanywi, hakitoki kwenye ukoo. Wazee wakisema mrithi hawezi kuanza na masharti, basi nipiteni mumpe mwingine, ila mtangaze mbele ya ukoo wote kwamba nilikataa na kwa sababu gani. Nitakuwepo nikisikiliza kama mmeitaja sababu yenyewe.

Ufunguo usiutume kwa mtu. Upeleke mwenyewe, na goti lako hilo hilo linalouma, ufungue kwa mkono wako. Mkono wa Projestusi hautatosha, na wangu uko mbali.

Mdahalo tulishindwa. Yasinta alitetea vizuri mpaka mwisho, kisha akashindwa kujizuia akauliza mbele ya ukumbi kama walinzi wenyewe ndio wezi, na majaji wakasema amewasaidia wapinzani. Nilimpigia makofi peke yangu, na mwalimu mkuu akanitazama vibaya.

Pasaka nitakuja. Siku sitaitaja, na unajua kwa nini. Nisamehe kwamba sitafikia kwako kwanza. Nitashukia barabarani, nitapita kwenye njia ya kahawa, nitapiga hodi kwa Baba mdogo Severini.

Mpe Mama salamu zangu za mapenzi, mwambie kikohozi kisichoisha wiki ya tatu si cha majani tena, aende zahanati. Mjomba wa kahawa msalimie, mwambie huku nimemtetea ingawa wengi hawakumwelewa. Msalimie katekista, aniombee kidogo na akuombee wewe zaidi. Adela mwambie asikuogope, hajakusengenya. Aliniambia ukweli nilipomuuliza. Kaka Projestusi msalimie sana, na kama yeye ndiye anayekusomea haya kwa sauti, basi nami namsalimu, hujambo Kaka.

Za mwisho ni za Mama mdogo Koletha. Mwambie mwanawe wa Babati anamwamkia, shikamoo. Salamu hizi nimemwandikia nikimwona amekaa mlangoni kwake, kwa hiyo mpelekee pale pale. Nyuma ya jiko usimpe. Kama kufuli bado lipo, zirudishe mfukoni na unisubiri.

Mimi mwanao, niliyetoka kwako hata kwa kushuku,
Deogratias